Mgodi au machimbo jirani na nyumba: mwongozo kamili wa kupima kelele na kulalamika mpaka ufanyiwe kazi

Meseji zenu nazipata na karibu zote zinafanana. Mtu anaishi jirani na machimbo ya kokoto kule Kunduchi au Boko, au yuko zake Mbagala ila nyumba ya wazazi iko Mbinga karibu na mgodi wa makaa ya mawe, kelele haziwaachi walale, wameandika barua, afisa akaja, akasimama dakika kumi getini, akasema mbona pako shwari tu, akaondoka. Na kesi ikaishia hapo.

Mara nyingi tatizo sio kwamba afisa kahongwa. Afisa kaja saa 5 asubuhi siku ya kazi, bodaboda zinapita, redio ya jirani iko juu, na mashine inayowaua nyie inawashwa saa 8 usiku. Barua yenu imeandika "kelele zimezidi" bila saa, bila sehemu, bila namba. Sasa yeye apime nini?

Kwahiyo shika hili kabla hatujaanza: kipimo chako wewe hakimfungii mtu mgodi, na wala hakitakiwi kufanya hivo. Kazi yake ni moja, kumfanya mtu mwenye kifaa rasmi aje mahali sahihi, saa sahihi, na akifika akute kile kile ulichomuandikia. Kila hatua hapa chini inaelekea huko.

Vitu vya kuandaa

Simu yenye apu ya kupimia sauti. Kwa wenye iPhone ipo ya bure ya NIOSH, ni taasisi ya Marekani inayoshughulika na afya za wafanyakazi, walijaribu apu yao maabara na inakaribiana na kifaa halisi kwa tofauti ya kama desibeli 2. Android inabidi uwe makini zaidi maana maikrofoni za simu zinatofautiana sana, apu hiyo hiyo kwenye simu mbili inakupa majibu mawili.

Kama mtaa mnaweza kuchanga, nunueni kipima sauti chenyewe, na muulize muuzaji kama ni cha daraja la 2 na kama kina kalibreta yake, kile kidude unachokivalisha kwenye maikrofoni kinatoa sauti ya desibeli 94 na kifaa kinatakiwa kisome 94. Bila kalibreta, hata kifaa cha bei mbaya kinabishaniwa.

Vingine: stendi ya kuwekea simu (hata mti uliochongwa unafaa), sponji ya kufunika maikrofoni upepo usipulize, daftari la mistari, kalamu, tochi, na mtu wa pili. Mtu wa pili ni wa lazima, ntaeleza kwanini.

Hatua ya 1: Jua mipaka ya sheria kabla ya kupima

Kanuni zinazotumika ni za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zimetungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zinagawa maeneo hivi, namba ya kwanza mchana, ya pili usiku, zote ni dB(A), yaani desibeli zilizopimwa kwa namna sikio la mtu linavyosikia:

Hospitali, vyuo, maktaba na sehemu kama hizo: 45 na 35.
Makazi matupu: 50 na 35.
Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 na 45.
Makazi pamoja na viwanda vidogo na biashara: 60 na 50.
Eneo la viwanda: 70 na 60.

Mchana ni kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku. Usiku ni kuanzia hapo mpaka saa 12 asubuhi inayofuata.

Ugomvi mkubwa utakuwa wewe uko kundi gani. Mwenye machimbo atasema hapa ni eneo la viwanda, wewe utasema ni makazi. Nenda ofisi ya mipango miji ya manispaa yako uulize matumizi ya ardhi ya mtaa wako yameandikwaje kwenye mchoro, uombe kwa maandishi. Ukishajua kundi lako usiombe zaidi ya haki yako, maana ukidai 35 wakati uko kwenye mchanganyiko wa 45, barua nzima inapoteza uzito.

Ongeza na hili. Migodi mingi mikubwa imekopa kwenye mabenki yanayofuata miongozo ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, na miongozo hiyo inataka nje ya nyumba za watu isizidi 55 mchana na 45 usiku, au kelele isipande zaidi ya desibeli 3 juu ya ile iliyokuwepo bila mgodi. Hiyo ya desibeli 3 itakusaidia sana mbele.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: sisi ni kundi fulani, kikomo chetu mchana ni hiki na usiku ni hiki.

Hatua ya 2: Tembea, sikiliza, andika kila chanzo

Usiandike "mgodi unapiga kelele". Mgodi una mashine nyingi na kila moja ina dawa yake. Kwenye mgodi wa makaa ya wazi kama Ngaka kule Mbinga kuna vijiko vinavyochimba, matipa yanayopanda na kushuka, krasha (mashine ya kuponda mawe), chekecheo za kutenganisha saizi, mikanda ya kusafirisha, majenereta, uchorongaji wa mashimo ya baruti, na milipuko yenyewe. Machimbo ya kokoto ya Dar yana karibu vitu hivyo hivyo kwa udogo, ila krasha ndio mfalme.

Simama nyumbani usiku na mchana na ujifunze kutofautisha. Krasha inanguruma na kugonga bila mpangilio. Mkanda wenye rola zilizochakaa unalia kama mlango mkavu, mfululizo. Tipa likirudi nyuma linapiga piii piii, na hiyo sauti kali ndio inapasua usingizi kuliko ngurumo kubwa. Tipa tupu likipita kwenye matuta, bodi inagonga. Jenereta na feni kubwa zinatoa mvumo mzito ambao unausikia zaidi ukiwa ndani umelala kuliko ukiwa nje.

Chora ramani kwa mkono au tumia Google Maps. Weka nyumba, weka kila chanzo, andika umbali. Umbali una maana kwasababu mashine moja iliyosimama, ukizidisha umbali mara mbili, kelele inashuka kama desibeli 6. Ikiwa ni 64 ukiwa mita 100, utegemee kama 58 ukiwa mita 200 na 52 ukiwa mita 400 kama hakuna kizuizi. Barabara yenye matipa mfululizo inashuka pole zaidi, kama 3 tu kila umbali ukijizidisha, ndio maana nyumba za mbali na shimo lakini karibu na barabara ya mgodi zinaumia vilevile.

Hatua ya 3: Ijaribu simu yako

Watu wanairuka hii halafu wanashangaa kipimo kinakataliwa.

Tafuta mtu mwenye kifaa kilichokalibriwa. Afisa afya au afisa mazingira wa manispaa wakati mwingine anacho, na Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha uhandisi wa mazingira, jaribu kuuliza huko kama kuna mwanafunzi anaetafuta mada ya utafiti, tatizo lenu linaweza kumfaa yeye na kifaa chao kikawafaa nyie. Weka simu pembeni ya kifaa, pima sauti tatu tofauti, ya chini, ya kati na ya juu, andika tofauti. Kama simu inasoma 4 juu kila mara, utakuwa unatoa 4. Kama tofauti inarukaruka, leo 2 kesho 7, simu hiyo achana nayo.

Toa kava ya simu. Weka simu kwenye hali ya ndege (airplane mode) ili meseji na simu zisiingie katikati. Hakikisha apu iko kwenye A, yaani dB(A), maana ndio sikio la mtu na ndio kipimo cha sheria.

Angalizo kubwa: simu nyingi hazisomi vizuri chini ya desibeli 35 hadi 40, maikrofoni yenyewe ina mvumo wake. Kwahiyo simu haiwezi kuthibitisha kwamba usiku wako ni 33. Ila inaweza kabisa kuonyesha kwamba ni 52, na hicho ndicho unachotaka.

Hatua ya 4: Chagua sehemu ya kupimia

Pima nje, upande unaoelekea mgodini, karibu na nyumba lakini sio ukutani. Maikrofoni iwe juu kama mita 1.5 kutoka ardhini, na mita 3 au zaidi kutoka kwenye ukuta wowote. Ukuta unarudisha sauti na unaweza kukuongezea mpaka desibeli 3 za bure, na geti la mabati ni hivyo hivyo. Nyumba zetu za Dar zimebanana, najua, sasa kama mita 3 hazipatikani pima hapo hapo lakini andika ukweli kwamba ukuta uko mita ngapi.

Weka alama pale chini, jiwe au rangi, upige picha. Vipimo vyote vifanyike hapo hapo mpaka mwisho wa kesi. Ukihamahama, mwenye mgodi atasema ulikuwa unatafuta sehemu yenye kelele, na atakuwa na hoja.

Simu iwe kwenye stendi, usiishike mkononi, na wewe usimame nyuma kidogo.

Chagua nyumba mbili au tatu kama mnaweza: iliyo karibu zaidi, ya katikati, na moja ya mbali ambayo haisikii mgodi kabisa. Hiyo ya mbali itawaonyesha mtaa ungekuwaje bila mgodi.

Hatua ya 5: Pima na mashine ikiwaka, pima na mashine ikiwa imezimwa

Hapa ndio roho ya kazi yote, soma pole pole.

Namba moja peke yake haithibitishi kitu. Ukimwambia afisa "ni 58 hapa", atauliza 58 ya nini, ya krasha au ya barabara? Lazima uwe na namba mbili za sehemu moja, saa zinazofanana: mgodi ukiwa unafanya kazi, na mgodi ukiwa umelala. Tofauti kati ya hizo mbili ndio kesi yenu.

Muda wa kulala utaupata kwenye mapumziko ya chakula, wakati wa kubadilisha shifti, Jumapili, sikukuu, au siku mashine imeharibika. Ongea na vijana wanaofanya kazi humo, wanajua ratiba vizuri kuliko yeyote, ila usimtaje jina mtu kwenye barua, utamharibia kazi.

Kila kipimo kiende dakika 15 angalau. Apu itakuonyesha namba nyingi, wewe chukua tatu. Ya kwanza imeandikwa LAeq au Leq, huo ndio wastani wa nguvu za sauti kwa muda wote. Ya pili ni ya juu kabisa, Lmax. Ya tatu, kama ipo, ni L90, yaani kiwango ambacho kelele ilikuwa juu yake kwa asilimia 90 ya muda, hiyo inakuonyesha mvumo wa kudumu wa chini chini ukishaondoa bodaboda iliyopita.

Usijumlishe ukagawanya kawaida ili kupata wastani. Desibeli haziendi hivyo. Nusu saa ya 70 na nusu saa ya 50 wastani wake sio 60, ni 67, kwasababu sauti kubwa inabeba karibu nguvu zote. Nimeona barua nzuri kabisa ikichanwachanwa na mshauri wa kampuni kwa kosa hili tu. Acha apu ikupigie hesabu yenyewe.

Sasa, mtu wa pili. Huyu kazi yake ni kuandika kila kitu kisicho cha mgodi kinachoingia kwenye kipimo: saa 5:12 bajaji imepita, 5:14 mbwa, 5:20 honi. Dar ina kelele zake jamani. Adhana, spika za mkesha, baa, umeme ukikatika majenereta ya mtaa mzima yanaanza, mvua zikinyesha vyura, na kunguru wa alfajiri wanaweza kukuharibia kipimo chote. Kitu kikubwa kisicho cha mgodi kikiingia, futa kipimo uanze upya, au andika kabisa kwamba kiliingia. Usifiche. Uaminifu wa daftari lako ndio utakaokulinda mbele.

Saa za kupima: mchana mara moja, jioni mara moja, na usiku mara mbili, moja kati ya saa 4 na saa 6, nyingine kati ya saa 8 na saa 10. Rudia siku tofauti, ziwemo za katikati ya wiki na wikendi.

Upepo nao. Matawi madogo ya mti yakicheza bila kutulia, acha, upepo umezidi. Mvua ikinyesha acha. Andika upepo unatoka wapi, maana kipindi cha kusi nyumba zilizo kaskazini mwa machimbo zinasikia zaidi, kaskazi ikianza zamu inageuka. Na usiku uliotulia hewa ya chini ikapoa, sauti inasafiri mbali ajabu, ndio sababu watu wa mita 800 wanasikia krasha saa 9 usiku wakati mchana hawaisikii kabisa. Hawadanganyi, hewa imegeuza njia ya sauti ikairudisha chini.

Kitu kingine kinachokosewa sana ni saa zenyewe. Apu inaandika 22:00, wewe unaandika saa 4 usiku, mwingine anaandika "4:00", afisa anasoma alfajiri. Andika zote mbili kila mstari: saa 4 usiku, 22:00. Inachosha, ila fanya.

Umefanikiwa ukiwa na mistari kama hii: Jumanne, saa 8:30 usiku (02:30), alama ya jiwe, upepo hakuna, krasha na matipa mawili, LAeq 57, Lmax 71. Halafu: Jumapili, saa 8:30 usiku (02:30), alama ile ile, mgodi umezimwa, LAeq 46.

Hatua ya 6: Toa kelele ya mtaa

Ukiwa na namba mbili, angalia tofauti.

Ikiwa 10 au zaidi, kelele yote ni ya mgodi, usitoe kitu. Ikiwa kati ya 6 na 9, toa 1 kwenye ile namba kubwa. Ikiwa 4 au 5, toa 2. Ikiwa 3, toa 3. Ikiwa chini ya 3, huwezi kutenganisha, rudi upime saa nyingine mtaa ukiwa umetulia zaidi.

Mfano wa juu: 57 kutoa 46 ni 11, kwahiyo mgodi wenyewe unaleta kama 57. Kikomo cha mchanganyiko usiku ni 45. Wamezidi kwa 12, na wamepandisha kelele ya mtaa kwa 11, wakati IFC wanaongelea 3. Kwa sikio la kawaida ongezeko la 10 linasikika kama kelele imejizidisha mara mbili. Hiyo ndio sentensi ya kuandika kwenye barua.

Kuna watu watagundua hapa kwamba mtaa wao bila mgodi tayari ni 46, yaani umeshavuka kikomo wenyewe. Msivunjike moyo na msifiche. Ndio maana nasisitiza tofauti, kwasababu kwenye mitaa mingi ya mjini 35 ya usiku haipo hata kama mgodi ungefungwa kesho, lakini kupanda kwa 11 hakuna wa kukueleza kwamba ni kwa kawaida.

Kama mvumo mzito wa jenereta ndio tatizo lenu, pima pia kwenye C, yaani dB(C), ambayo haipunguzi besi kama A. C ikizidi A kwa kama 15 mpaka 20, kelele yenu ni ya besi, na A peke yake inaipunguza umuhimu. Iandikeni hivyo.

Hatua ya 7: Milipuko ina njia yake

Usijaribu kupima mlipuko kwa simu. Ni sekunde chache, maikrofoni inajaa, namba inayotoka haina maana. Unahitaji kifaa cha kurekodi mtikisiko wa ardhi na msukumo wa hewa, na mgodi wanatakiwa wawe nacho.

Wewe andika tarehe, saa kamili, dirisha lilitikisika au la, na kama king'ora cha onyo kilisikika. Nyufa zipige picha sasa hivi, leo, ukiwa umeweka rula pembeni na tarehe, halafu urudie baada ya kila mlipuko mkubwa. Picha ya ufa bila ile ya mwanzo haisemi chochote. Leseni na baruti viko chini ya Tume ya Madini, kwahiyo nakala ya hili iende kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa.

Hatua ya 8: Omba masharti ya cheti

Mgodi halali una cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, na cheti kinakuja na masharti. Ndani yake mara nyingi kuna ahadi walizoandika wenyewe: saa za kazi, kuta za udongo, kupima kelele kila baada ya muda fulani na kupeleka ripoti. Sheria ya 2004 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa za mazingira, na vifungu vya 4 na 5 vinampa haki ya mazingira safi na salama na haki ya kuidai. Waandikie NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, mkiomba masharti hayo na ripoti za ukaguzi wa kila mwaka.

Mkiipata tafuteni neno kelele kila ukurasa. Kuwaonyesha kwamba wamevunja ahadi yao wenyewe kunawapa kazi ngumu zaidi ya kujitetea kuliko kubishana kuhusu desibeli 2.

Hatua ya 9: Kaeni nao kwanza, mkiwa na madai yanayotekelezeka

Nendeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, msiende peke yenu na msiende kwa fujo. Kaeni chini na meneja, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Mkidai "punguzeni kelele" mtapewa soda na ahadi. Daini vitu vyenye majina:

Krasha isifanye kazi kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Hii peke yake inamaliza nusu ya malalamiko ya Dar.

Matipa yabadilishiwe king'ora cha kurudi nyuma, kuna aina inayotoa sauti ya kushwaa badala ya piii, usalama unabaki na haisafiri mbali kama ile kali.

Rola za mkanda zilizochakaa zibadilishwe, na sehemu mawe au makaa yanapoangukia iwekwe mpira.

Jenereta lijengewe kibanda na lifungwe sailensa ya maana.

Tuta la udongo lijengwe kati ya krasha na nyumba. Lazima liwe refu kiasi kwamba ukisimama kwenye nyumba huioni mashine, kama bado unaiona basi na unaisikia. Na msikubali kuambiwa watapanda miti ndio dawa. Miti ni mizuri kwa vumbi na macho, ila mistari michache ya miti haizuii kelele kwa kiasi cha kuzungumzia.

Barabara ya ndani isawazishwe na mwendo upunguzwe, matipa tupu yaache kugonga.

Wapeni muda wa maandishi, siku 14 au 30, halafu mpime tena.

Hatua ya 10: Barua

Kama muda umepita kimya, andikeni. Ukurasa mmoja na nusu, sio zaidi, viambatanisho ndio viwe vingi. Anzeni na mtendaji wa kata na afisa mazingira wa manispaa, nakala NEMC ofisi ya kanda, nakala Tume ya Madini. Kule Mbinga au Ileje ni mtendaji wa kijiji, halmashauri ya wilaya, halafu hao hao. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wanahusika na masikio ya wafanyakazi ndani ya geti, sio nyie mlio nje, watu wengi wanapoteza miezi kwa kupeleka barua kusikohusika.

Kiini cha barua kiwe hivi:

"Sisi wakazi wa mtaa wa ... tunaomba ofisi yako ije kupima kelele inayotoka ... kati ya saa 8 na saa 10 usiku (02:00 hadi 04:00), siku ya Jumanne au Alhamisi, katika alama tuliyoweka mbele ya nyumba ya ... Vipimo vyetu vya awali vinaonyesha 57 dB(A) mashine zikiwaka na 46 zikiwa zimezimwa, kwa kikomo cha 45 usiku. Tulikutana na uongozi tarehe ..., muhtasari umeambatanishwa. Tunaomba majibu kwa maandishi."

Mnaona mmeomba nini? Aje apime, saa fulani, sehemu fulani. Hamjamuomba afunge mgodi. Ombi dogo lenye saa kamili ni gumu kulikwepa.

Majina, saini na namba za simu za kaya zote. Nakala ibaki kwenu ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa, bila muhuri barua haijafika.

Hatua ya 11: Siku afisa anakuja

Muombeni mwenyekiti aje kama shahidi. Msiutangazie mgodi, mashine zinaweza kuharibika ghafla usiku huo. Zikiwa kweli zimezimwa, msikasirike na msimwache afisa aondoke mikono mitupu: muombeni apime hivyo hivyo, hicho kinakuwa kipimo rasmi cha mtaa bila mgodi, na atarudi siku nyingine kuchukua cha pili.

Muangalie akikalibri kifaa mwanzoni na mwishoni. Weka simu yako pembeni ya kifaa chake, mpime pamoja dakika zile zile. Zikikaribiana, daftari lako lote la nyuma linapata nguvu. Muombe fomu ya vipimo au uipige picha kwa ruhusa yake.

Akithibitisha, NEMC wana uwezo wa kutoza faini, na wa kutoa amri ya kuhifadhi mazingira inayomtaja mhusika afanye nini na kwa muda gani. Ombeni nakala ya amri hiyo. Msiporidhika, sheria ya 2004 imeweka Baraza la Rufaa la Mazingira, na hapo ndio mtafute wakili.

Hatua ya 12: Pimeni tena

Amri ikishatoka watu wanalala, na baada ya miezi mitatu krasha inarudi usiku kidogo kidogo, leo saa 4 na nusu, wiki ijayo saa 6. Mara moja kwa mwezi rudini kwenye lile jiwe, saa zile zile, dakika 15, mstari mmoja kwenye daftari. Namba ikipanda kwa 3 au zaidi kutoka ile ya baada ya amri, barua fupi iende siku hiyo hiyo, ikitaja namba ya kumbukumbu ya amri na vipimo viwili tu, cha mwezi uliopita na cha jana usiku.